Ng'ombe wa Jumamosi

Mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka mwezi wa Rajabu. Mwanzoni ulikuwa mtetemo mdogo, wa kidole gumba na cha shahada tu, nikausingizia baridi ya alfajiri. Ramadhani ukapungua, nikamshukuru Mungu. Baada ya Idd ukarudi, na safari hii ukaja na ndugu zake. Mimi ni mchinjaji. Nimechinja miaka thelathini na moja katika machinjio madogo ya mtu binafsi huku kwetu Chamazi, si yale makubwa ya Vingunguti yanayojulikana na kila mtu, na katika miaka yote hiyo sikuwa na mali ya kujivunia ila mkono huo. Wenzangu wana nyumba za kupangisha.

Sheria ya kazi yetu haina mambo mengi. Mnyama aelekezwe kibla, kisu kiwe kikali, utaje jina la Mungu, na kisu kikishagusa koo kisinyanyuliwe mpaka kazi iishe. Ukikinyanyua ukakirudisha papo hapo, masheikh wanabishana. Ukikawia, hakuna ubishi: hicho ni kibudu, na Muislamu hali kibudu.

Jumamosi ile, siku kumi na tano kabla ya Idd ya kuchinja, waliniangushia ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe begani. Alfonsi alishika pembe, kama anavyoshika siku zote. Nikasema Bismillah, nikaanza. Kisu kilikuwa kimeshapita ngozi pale vidole vyangu vilipoachia. Nilikinyanyua, nikakishika kwa mikono miwili, nikabaki nimeinama pale nikisubiri vidole vyangu vinirudie. Sijui nilikaa muda gani. Kwangu mimi ulikuwa muda wa kusali rakaa mbili. Kisha nikakirudisha, nikasema Bismillah ya pili kwa sauti ya chini, kama mtu anayeiba. Nilipoinua macho, Alfonsi alikuwa anatazama ukuta.

Nyama ikachunwa, ikagongwa mhuri, ikapakiwa. Mimi nikaoga, nikaenda nyumbani. Nikala wali maharage, nikijiambia kuwa hakuna aliyejua. Alfonsi si Muislamu, ni Mmatengo wa Mbinga, Mkatoliki wa kubatizwa mchanga, kazi yake kushika na kuchuna. Yeye atajuaje habari za kisu kunyanyuliwa? Lakini kila mtoto niliyemwona mtaani kwetu akitafuna kitu, nilijiuliza anatafuna nini. Na msikiti wetu pamoja na majirani walikuwa wameshaandikisha ng'ombe kumi na wanne wa Idd, wote kwa mkono wangu. Kuacha kazi sikutaka. Naliweka wazi hilo mapema, nisije nikaonekana mcha Mungu kuliko nilivyo. Nilitaka niendelee kuitwa Maalim, nipishwe njia pale langoni alfajiri, nife mchinjaji.

Jumanne hatuchinji. Mjukuu wangu Nusaiba, ambaye ana miaka ishirini na nne na ameacha kazi nzuri ya benki ili awapeleke watu kutazama ndege, alikuwa anaanzisha safari zake za siku moja: kutembea kwa miguu msituni, kuangalia wanyama, kula vya baharini, kurudi nyumbani kabla ya magharibi. Alitaka kuijaribu njia kabla hajaleta wateja, na sisi wazee ndio tukawa wa kuonja chumvi. Alinichukua mimi, bibi yake Salma, na Alfonsi, maana Nusaiba amemwita Alfonsi babu mdogo tangu anajifunza kutembea. Nilijaribu kukataa.

"Babu, usinizingue," alisema. "Mie nishalipia gari. Wewe kila siku na ng'ombe tu. Siku moja hebu mtazame mnyama asiyekuogopa."

Basi tukaondoka na Noah ya kukodi, Kongowe, Kibada, kisha barabara ya Kimbiji, huku Salma akilalamika kwamba hajafunga mlango wa uani. Ilikuwa kipupwe. Anga ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa maji, na jua lilikuwa bado halijaamua. Tangu Jumamosi nilikuwa sijalala vizuri, na mtu asiyelala vizuri hutembea mchana na nusu ya ndoto mgongoni. Mkono wangu niliuweka mfukoni mwa koti.

Gari lilituacha mahali ambapo barabara inakwisha kuwa barabara. Tukaingia kinjia. Nilikuwa nategemea msitu wa kutisha, kumbe ni vichaka virefu kidogo kuliko mtu, mibungo na mitopetope na miti mingine ambayo marehemu mama yangu angeniambia majina yake na dawa zake, na chini mchanga mweupe unaomeza sauti ya viatu. Hapakuwa na kelele ya chochote. Kwetu Chamazi ukiwa na bahati unapata kimya dakika mbili, halafu uwanjani mtu anafunga goli. Hapa kimya kilikuwa kinaendelea tu, na kadiri tulivyotembea ndivyo nilivyozidi kuhisi kwamba ni mimi ninayekwenda polepole zaidi ya saa.

"Chozi yule," Nusaiba alinong'ona, akanipa darubini.

Niliipokea kwa mkono wa kushoto. Ndege mdogo, kifua chekundu, anakunywa kwenye ua huku akipigapiga mabawa. Nikamtazama mpaka macho yakaniuma. Katika kazi yangu natazama koo. Nikimwona mnyama yeyote, hata wa kwenye televisheni, jicho langu linakwenda kooni lenyewe, linapima. Lile la chozi lilikuwa jembamba kuliko uzi wa mkeka, nalo lilikuwa linaimba. Nikarudisha darubini haraka.

Kima walitufuata. Walikuwa saba au nane, juu ya matawi, wakubwa wamekaa mikono magotini kama wajumbe wa nyumba kumi wanaosubiri kikao kianze. Alfonsi akawapungia. Mmoja akajikuna, akatazama kwingine.

"Wana dharau," Alfonsi alisema.

"Wamekutambua mchunaji," nikamwambia.

Alicheka, nami nikacheka, na kwa muda mfupi mambo yakawa kama zamani. Kisha nikakumbuka. Alfonsi alikuwa mbele yangu, mgongo mpana, shati la jezi ya timu yake, na nikawaza: mtu huyu alikuwa na uso wake hatua moja kutoka kwenye mkono wangu. Ameona. Na siku tatu hizi hajaniuliza hata, kaka, unaumwa? Kuulizwa kungeniuma. Kutoulizwa kuliniuma zaidi.

Kinjia kikapanda, vichaka vikaisha ghafla, na tukajikuta juu ya majabali. Chini yetu bahari ilikuwa imekupwa mbali sana. Lilikuwa bamvua, mwezi ukiwa unakaribia kuandama, na maji yalikuwa yamejiondokea yakaacha nusu ya dunia wazi: mawe ya matumbawe, madimbwi ya kijani, majani ya bahari yamelala upande mmoja. Wanawake walikuwa wanatembea huko, wadogo kwa umbali, na vijiti vyao vya kuchokolea pweza, wakiinama na kuinuka. Hawakutoa sauti iliyotufikia. Nyuma yao, pale mawimbi yanapokatikia, pomboo walipita. Nusaiba ndiye aliyewaona. Migongo minne, mitano, inapanda na kushuka bila haraka yoyote, inashona maji.

Salma alikaa juu ya jiwe, akavua viatu. "Mie nahamia hapa," alisema. "Mtaniletea unga."

Nilikaa karibu naye. Upepo ulikuwa mwororo na nilihisi usingizi mtamu, ule wa mtoto aliyebebwa. Nikafikiri, kama ningekuwa nimezaliwa upande huu, ningekuwa mvuvi, na mvuvi hana wa kumwuliza habari za kisu. Tumefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba maji ya bahari ni tohara na mfu wake ni halali. Samaki hachinjwi. Unamtoa majini, anakufa mwenyewe, na hakuna mtu anayelala macho kwa ajili yake. Nikaona dunia nzima imekosea kuishi nchi kavu.

"Mkono wako una nini?" Salma aliuliza.

"Wapi?"

"Huo uliouficha."

"Nahisi baridi," nikasema. Alinitazama muda kidogo, akarudi kwenye bahari yake.

Chakula kilikuwa kwa Bi Somoe, mama wa makamo mwenye banda la makuti nyuma ya mivinje, vyungu vitatu na ulimi mrefu kuliko vyote. Alikuwa ametoka mwambani mwenyewe asubuhi ile. Pweza wake aliwaponda juu ya jiwe mpaka wakalainika, akawapika kwa nazi, ndimu na pilipili mbuzi. Kulikuwa na changu wa kuchoma, na wali wa nazi umekaukia vizuri chini mpaka ukashika ukoko.

Alfonsi alilitazama bakuli la pweza kwa hofu ya kweli. "Kaka, mnyama asiye na shingo mie simwelewi. Huyu ungempa mtu kazi ya kumchuna, angeanzia wapi?"

"Anaanzia mdomoni," Bi Somoe alisema. "Kula, baba. Huyu ni dawa. Mkeo atanishukuru."

"Mke wangu yuko Mbinga, mama."

"Basi atakuja mwenyewe bila kuitwa."

Salma alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilikuwa na shida yangu. Kula ni kwa mkono wa kulia, hiyo haina mjadala, na tulikuwa tunakula sinia moja. Nilimega tonge dogo, nikalishika kwa nguvu. Wali ukaanza kunimwagika njiani, punje mbili, tatu, halafu tonge zima likaanguka kwenye mchuzi, nao ukamrukia Nusaiba.

"Pilipili," nikasema. "Pilipili ya huyu mama imeniingia kwenye mishipa."

Alfonsi alichukua kipande kikubwa cha pweza, yeye aliyekuwa anamwogopa, akakitia mdomoni na kuanza kutafuna kwa kelele, macho yamemtoka, na wote wakageuka kumtazama yeye. "Mtamu!" alisema, machozi yanamtiririka. "Mtamu kweli!" Wakacheka. Nikarudisha mkono mfukoni, nikasema nimeshiba.

Baada ya kusali adhuhuri mchangani, Salma alilala kwenye mkeka na Nusaiba akaenda kumtafuta kijana anayelinda viota vya kasa. Mimi na Alfonsi tulibaki chini ya mivinje. Maji yalikuwa yanaanza kurudi. Hayakuonekana yakija, ila kila nilipotazama upya, jiwe moja lilikuwa halipo.

"Kaka Mwinjuma," alisema, "yule ng'ombe mwekundu wa Jumamosi."

Nikakaza macho kwenye mawe.

"Alikwenda kigangoni kwetu," Alfonsi aliendelea. Alikuwa anachora mchangani kwa kijiti, hanitazami. "Jumapili ilikuwa sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango. Tulikuwa tumeagiza ng'ombe pale pale machinjioni kwa Khalfani, wewe mwenyewe ulimchinja, yule mweusi wa kwanza. Basi nilibadilisha. Mweusi nikampakia kwenye gari la mabucha. Mwekundu nikampeleka kwetu. Uzito ulikuwa karibu sawa, hakuna aliyepunjwa."

Nikakitazama kile kijiti chake.

"Majirani zetu Waislamu huwa wanakuja kula na sisi, unajua. Hao tuliwapikia samaki, jiko lao mbali na vyombo vyao mbali. Nilisimamia mwenyewe. Katekista alinigombeza kwamba nabagua watu siku ya sikukuu. Nikamwambia nimeota."

"Ulijuaje?" Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

"Miaka kumi na tisa nakushikia pembe, kaka. Mara ngapi umemfukuza mtu kazini kwa kunyanyua kisu? Yule kijana wa Mbande ulimfukuza mchana kweupe, ng'ombe mzima ukasema apewe mbwa. Nilisikia. Mie siyo Muislamu, lakini siyo kiziwi."

Nilianza kulia. Nasema wazi, sioni aibu: nililia kama mtoto aliyepatikana baada ya kupotea sokoni. Siku tatu nilikuwa nimewalisha kibudu watu wote wa Temeke kichwani mwangu, wajawazito, mayatima, imamu wetu, na kumbe hakuna hata mmoja aliyekula. Alikula Alfonsi na kigango chake, wakaimba, wakapiga vigelegele, na kwao ilikuwa nyama tu, tena nzuri. Nilimshika bega. Nilitaka kumwambia jambo kubwa, na kilichonitoka ni kwamba Mungu atamlipa. Akasema haidhuru, maini yalikuwa laini.

Sasa sikia ubaya wangu. Machozi hayajakauka, nikaanza kuhesabu. Hakuna aliyedhurika. Hakuna anayejua, ila mtu mmoja ambaye angekatwa kichwa kabla hajanisema. Pengine Jumamosi ilikuwa uchovu. Pengine nikinywa tangawizi. Nikifunga kifundo kwa kitambaa, nikashika kisu chini zaidi, nikachinja wale wa asubuhi tu. Nusaiba alipokuja kutuita kwenda kwenye kiota, nilikuwa mwepesi kama niliyevuliwa gunia, na nilikuwa nimeshakata shauri kwamba Idd nachinja. Njiani niliimba. Mchanga ulikuwa laini, mivinje ilikuwa inavuma juu yetu, na kila kitu kilionekana kimesamehewa pamoja nami, hata kaa wadogo waliokuwa wanakimbilia mashimoni.

Mlinzi wa viota alikuwa kijana mkimya anaitwa Talha. Alitupa shikamoo mmoja mmoja, akatuambia tusimame nyuma ya kamba. Kiota kilikuwa mahali pa kawaida kabisa, mchanga na vijiti vinne. Wengi walikuwa wametoka juzi, alisema, lakini huwa kuna waliochelewa, walionaswa chini kwenye mizizi, na hao asipowafukua wanafia humo. Alipiga magoti na kuanza kuchimba kwa viganja, taratibu sana, anachota mchanga kidogo na kuuweka kando. Alichimba mpaka mkono ukazama kwapani.

Kisha akatoa mmoja. Alikuwa mdogo wa kutosha kukaa kwenye kiganja, mweusi, mabega yamekunjamana, mchanga machoni. Nilitazama koo lake. Lilikuwa na mikunjo kama la mzee. Talha akamweka chini, naye akabaki vilevile, amelala.

"Amekufa?" Salma aliuliza.

"Anafikiri, bibi."

Baada ya muda kasa akainua pezi moja. Halafu la pili.

"Nyayo zetu kwao ni mashimo," Talha alisema. "Wanaotaka kusaidia, wasawazishe mchanga mpaka kwenye maji. Ila msiwaguse. Ukimbeba, hajui ametoka wapi."

Tulipiga magoti, hata Salma na goti lake bovu. Tulikuwa mstari mmoja, tunafuta nyayo zetu wenyewe kwa viganja. Nilianza kwa mkono wa kushoto, lakini kazi ilikuwa kubwa na maji yalikuwa yamekaribia, na katika kusahau nikautoa wa kulia. Ukawa unatetemeka juu ya mchanga. Kila nilipopitisha kiganja palibaki mawimbi madogo madogo, mstari baada ya mstari, na nilipojaribu kuyafuta nikaongeza mengine. Nusaiba alikuwa pembeni yangu. Aliona. Alinyoosha mkono wake, akapitisha juu ya mchanga wangu, pakawa sawa, akaendelea na wake. Hakusema neno, na huyo ni mtoto ambaye hata usingizini anaongea.

Walitoka kumi na mmoja. Walipita mbele yetu katika mwanga ule wa alasiri ambao haumchomi mtu, mmoja mmoja, wanasimama, wanafikiri, wanaendelea. Sikujua kama nimeota au nimeamka. Katika miaka thelathini na moja sikuwahi kumtazama mnyama akiniacha yuko mzima. Wote nilioonana nao, mwisho wao ulikuwa mimi. Na niliwatendea haki, wallahi, kisu changu kilikuwa kikali na maneno yangu yalikuwa kamili, hawakuteseka. Mpaka yule wa Jumamosi. Yule aliteseka. Nilikuwa nimejiliwaza habari za waliomla, nikamsahau mwenyewe: alilala pale na koo lililofunguliwa nusu, ananitazama, akisubiri mtu mzima aamue kama anaweza kazi yake au hawezi. Alfonsi aliweza kunibadilishia nyama. Zile dakika hakuna wa kuzibadilisha.

Wa mwisho alikuwa dhaifu. Alipofika nusu ya njia alilala kabisa, na wimbi likaja likamgusa, likamwacha. La pili likamchukua. Nilimtafuta kwenye povu, sikumwona tena.

"Kaka," Alfonsi alisema. Alikuwa amechuchumaa nyuma yangu, anajipangusa magoti. Alizungumza polepole, sauti ya chini, wengine wasisikie. "Huyo mmoja nilimuweza. Idd ni ng'ombe kumi na wanne. Mie sina kigango cha kuwala wote."

Nilitaka kucheka. Nilitaka pia kumpiga. Nilikaa mchangani nikiwa na kiu ya ghafla, nikaona alfajiri ya Idd mbele yangu, watu wamevaa kanzu mpya, wamesimama wanasubiri, na kumi na wanne wamefungwa kamba.

Nikatoa simu, haikuwa na mtandao. "Juu kule kwenye jabali, babu," Talha alinionyesha. Nikapanda. Lilikuwa jabali la kawaida lakini lenye ncha kali, na kwa mtu wa umri wangu mwenye mkono mmoja wa kutegemea lilikuwa refu. Nilifika nahema. Bahari ilikuwa imejaa tele, imefunika kila tulichokiona asubuhi.

Khalfani, mwenye machinjio, alipokea kwa furaha. "Maalim! Nilikuwa nakutafuta. Wameongezeka, sasa ni kumi na sita."

"Khalfani, Idd hii sichinji."

"Unasafiri?"

"Hapana. Mkono umeniacha. Tangu Rajabu."

Niliangalia kama simu imekatika, haikuwa imekatika. "Tangu Rajabu," alisema. "Na umekuwa unachinja?"

"Nimekuwa nachinja. Wote walikuwa sawa, namshuhudisha Mungu, ila mmoja. Mwekundu wa Jumamosi. Niliinua kisu, nikakawia. Hakuliwa na Muislamu yeyote, nitakueleza ilivyokuwa, lakini nilinyanyua na nikakaa kimya. Yule kijana wa Mbande nilimfukuza kwa hilo hilo, tena mbele ya watu. Nataka nawe uniondoe hivyo hivyo. Usiseme nimestaafu."

Nilisikia anapumua. Nilimjua tangu anavaa kaptula, baba yake ndiye aliyeniajiri. "Maalim, unanipa mtihani," alisema. "Nani atasimama hapo?"

"Mpwa wangu Mbwana anajua. Nimemfundisha mwenyewe. Mkono wake mtulivu na ana woga, na woga ni mzuri. Na huyo wa Mbande mtafute. Nitamwomba radhi."

Khalfani alipoaga, "Haya, tutaonana kesho," sauti yake ilikuwa imebadilika. Hakuniita Maalim. Pengine alisahau tu. Niliirudisha simu mfukoni, nikabaki nimesimama, na uchungu ulionijia ulikuwa mkubwa kuliko nilivyoutegemea, kwa sababu nilikuwa nimefanya jambo jema na nilidhani jambo jema linauma kidogo tu. Kuanzia kesho alfajiri, Chamazi ingeamka bila mimi na isione tofauti.

Chini, Salma alikuwa ameshafika kwenye mawe ya mwisho ya jabali, kanga ikipepea, jua nyuma yake. Sijui alisikia kiasi gani. Upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwake, kwa hiyo nadhani yote.

"Shuka polepole," alisema. "Leta mkono."

Nikateremka mpaka alipo, nikampa wa kushoto, kama nilivyozoea miezi hiyo yote. Hakuupokea.

"Siyo huo," Salma alisema.

Nikautoa wa kulia mfukoni nikampa. Aliushika kwa mikono yake miwili, ukatetemeka humo kadiri ulivyotaka, na tukashuka.